Mkutubi Aliyetaka Herufi Kubwa

Kwa Mkutubi, kitabu hakikurudishwa kimya kimya. Ulikiweka mezani, yeye akakiwekea kiganja juu kama anayempima mtoto homa, kisha akakuuliza, "Kinasema nini?" Ukijibu kwamba ni kizuri, alisubiri. Ukikiri kwamba hukukimaliza, alisubiri vilevile. Mpaka utoe sentensi mbili tatu zenye mashiko, naye aziandike kwenye daftari kwa mwandiko wake mwembamba uliolala upande, ndipo akuruhusu kuchukua kingine. Sisi wa Kijenge wa rika langu tulijifunza kusoma mpaka ukurasa wa mwisho kwa kuuogopa ule ukimya wake. Mapenzi ya vitabu yalikuja baadaye.

Maktaba yenyewe ilikuwa vyumba viwili vyenye paa la bati lililopiga kelele mvua ikinyesha. Baadaye vyumba hivyo viligeuzwa ukumbi wa mikutano, na vitabu vikagawiwa huku na huku. Yeye hakuchukua hata kimoja. Alichukua madaftari yake, yote saba, akayafunga kwa kitenge na kuondoka nayo. Lakini jina halikumtoka. Hata alipokuwa mama mzee asiye na kitabu cha kumwazima mtu, sokoni na kanisani aliendelea kuitwa Mkutubi, naye aliitika bila kugeuka, kama mtu aliye kazini.

Nyumba yake ilikuwa jirani na kibanda changu cha kutengenezea simu, na kwa miaka mingi niliingia kwake karibu kila siku. Hakukuwa na kitu mle ndani kilichobaki kama kilivyonunuliwa. Sweta jipya alilikata mikono siku hiyohiyo, kwa sababu mikono mirefu iligusa wino, na alilivaa hivyo hata Julai, wakati baridi ya mlimani inatufanya wengine tutembee tumejikunja. Redio yake ilikuwa na kitufe cha mti wa mparachichi alichokichonga mwenyewe. Stuli ya jikoni aliikata mguu mmoja, maana sakafu yake ilikuwa na mteremko.

"Ni rahisi kukata stuli kuliko kusawazisha nyumba," aliniambia nilipocheka. "Kitu kikiingia kwangu kinafuata taratibu za kwangu."

Na mtu huyohuyo, ukiandika neno moja pembeni mwa ukurasa wa kitabu cha maktaba, hukulala salama. Namkumbuka karani mmoja wa Elerai, mtu mzima mwenye tai, aliyepiga mistari ya kalamu ya wino chini ya sentensi alizozipenda. Mkutubi alimketisha, akampa karatasi na rula, akamwambia anakili ukurasa wote kwa mkono. Kisha aliukata ule ukurasa wa zamani, akabandika ule wa karani kwa gundi ya unga wa ngano. Karani alitoka jasho linamtiririka, akarudi wiki iliyofuata kuazima kingine.

Lakini mimi nilimwona kwa macho yangu akisahihisha vitabu kwa penseli. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikajiona nimemkamata mwizi.

"Mbona wewe unaandika?"

"Mimi siandiki. Nasahihisha."

Kulikuwa na kitabu cha kilimo cha kahawa ambacho mwandishi wake alitaja mwezi wa kupogolea. Mkutubi aliona kwamba mwezi huo haufai kwa mashamba ya huku Meru, akachapa karatasi yake mwenyewe, akaishonea ndani ya kitabu, katikati kabisa: "Msomaji, huku kwetu ngoja kwanza mvua ikatike." Wakulima walikiazima kitabu kile kwa ajili ya karatasi hiyo. Nilimuuliza mara nyingi tofauti yake na karani ni nini. Kila mara alinipa jibu jingine, na hakuna hata moja lililoniingia.

Kanisani alikaa benchi la pili na kuimba sauti ya pili. Mgeni akibadilisha tuni ya wimbo aliyoizoea, alifunga kitabu, akakunja mikono, akanyamaza mpaka beti ziishe. Mtu wa kubadilisha kila kitu, lakini asiyependa kubadilishiwa. Ndivyo nilivyomwelewa, na nadhani sikumwelewa sana.

Macho yalianza kumsumbua miaka michache baada ya kustaafu. Ilikuwa presha ya macho. Daktari alimweleza waziwazi kwamba sehemu iliyokwisha kupotea hairudi, na kwamba matone yangelinda iliyobaki kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Alinisimulia hayo huku anachambua maharage kwenye ungo, kwa vidole tu, uso ameuelekeza ukutani. Karatasi nyeupe ilimchoma macho. Kioo cha simu kilimchoma zaidi. Alitaka kitu kimoja tu, akanitajia siku hiyo: kuyasoma madaftari yake saba, toka la kwanza hadi la mwisho.

"Nimeandika maneno ya watu miaka yote ile," alisema. "Sijawahi kukaa nikawasikiliza."

Nilijitolea kumsomea. Alikubali jioni moja tu.

"Unasoma vizuri, mwanangu," aliniambia nilipomaliza. "Lakini nikisomewa namsikia msomaji, simsikii aliyesema. Na wewe unaharakisha penye huzuni."

Basi mmoja wa wasomaji wake wa zamani, anayeishi ng'ambo, akamletea mashine ya kusomea vitabu. Ilikuwa nyembamba kama daftari la kurasa chache, na kioo chake hakikuwaka kama cha simu. Kilifanana na karatasi ya gazeti. Aliipenda kuishika. Kuisoma ndiko kulikokuwa na shida. Herufi kubwa kuliko zote zilizoruhusiwa zilikuwa bado ndogo kwake, tena nyeusi juu ya weupe, na hapakuwa na mahali pa kuzigeuza. Halafu ilikuwa inakata maneno ya Kiswahili vibaya mwisho wa mstari. Siku aliposoma "ng" mstari wa juu na "'ombe" mstari wa chini, aliiweka mashine mezani kama mtu aliyetukanwa.

"Wewe si unafungua simu za watu?" aliniuliza. "Fungua hii."

"Mama, hii haikutengenezwa ili ifunguliwe."

"Na stuli haikutengenezwa ili ikatwe."

Ilinichukua wiki mbili. Nilijifunza kwa watu wa mtandaoni, wapenda vitabu wa nchi mbalimbali ambao hawajuani kwa sura, wanaopeana njia za kuzifungua mashine hizo na kuziwekea programu nyingine walizoziandika wenyewe bila malipo. Nikaiweka. Herufi sasa ziliweza kuwa kubwa kama kiberiti, nyeupe juu ya weusi, na neno halikukatwa tena. Wateja wakipungua kibandani, nilichapa madaftari yake kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, nikayaingiza ndani.

Siku ya kwanza alikaa mlangoni, jua mgongoni. Alisogeza mashine mbele na nyuma, akaitazama muda mrefu hata nikapata wasiwasi.

"Inaonekana?"

Aliinua kidole kuninyamazisha, vilevile kama zamani kule maktabani. Baadaye akasoma kwa sauti, neno moja moja, maneno ya mama muuza ndizi aliyerudisha kitabu cha habari za bahari: "Anasema maji yote yale yana chumvi. Sijaamini, lakini ameeleza vizuri."

Alicheka mpaka akavua miwani. Miwani haikuwa na kazi tena, lakini aliivaa kwa mazoea.

Miezi mitano ilipita hivyo. Alimaliza madaftari matano, akaanza la sita. Kila nikiingia alikuwa na mtu wa kunisimulia, wengine wameshakufa, wengine bado tunakutana nao njiani Kijenge bila wao kujua kwamba jana wamesomwa. Aligundua pia makosa yangu ya uchapaji, akanituma niyarekebishe palepale. Sijawahi kumwona na raha kama wakati ule.

Kisha asubuhi moja akanipigia simu.

"Mwanangu, maneno yamekimbia."

"Yamekimbia vipi, mama?"

"Njoo uone. Mimi siyaoni, ndiyo maana nakuita."

Nilipofika, mashine ilikuwa imerudi kama ilivyotoka kiwandani. Herufi ndogo, nyeusi, kwenye weupe. Alinieleza kilichotokea. Jana yake alikuwa kliniki ya macho mjini, akisubiri kuitwa, mashine mapajani. Ikamwonyesha ujumbe.

"Iliandika WiFi imepatikana. Nikasoma wifi. Nikasema, kumbe wifi yangu wa Kikwe amefika mjini." Alitania, lakini uso haukucheka. "Halafu ikaniuliza kama nataka iboreshwe. Iliuliza kwa adabu, nami nikajibu kwa adabu. Nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

"Basi mbona nimeadhibiwa?"

Nilihangaika nayo siku tatu. Mlango nilioingilia mara ya kwanza ulikuwa umezibwa na mfumo mpya. Kila nikijaribu, kioo kiliandika kwamba badiliko hilo halijaidhinishwa. Niliwauliza wale watu wa mtandaoni, nao walikuwa wamechanganyikiwa kuliko mimi. Huyu anasema subiri, huyu anasema mashine za toleo hilo basi tena, yule anamtukana mwenye kiwanda kwa lugha nisiyoijua.

Mkutubi akaamua tuandike barua. Alitamka, mimi nikachapa, na alinifanya niisome mara nne. Alieleza umri wake, macho yake, madaftari yake, na ukubwa wa herufi anazozihitaji, akaomba aidha wamrudishie au wamruhusu arudishe mwenyewe. Jibu lilikuja baada ya siku chache. Walimshukuru kwa kuwa mteja wao. Walisema wanathamini sana maoni yake, na kwamba mabadiliko yasiyoidhinishwa huzuiwa kwa usalama wa mtumiaji.

"Mtumiaji ni nani?" aliuliza.

"Ni wewe, mama."

"Usalama wangu dhidi ya nani?"

"Sijui. Labda dhidi ya wezi. Labda dhidi ya watu kama mimi."

Sijui nini kilinisukuma, nikamkumbusha karani wa Elerai. "Hata wewe, mama, ulikuwa hutaki watu waguse vitabu."

Nilijuta kabla sijamaliza. Lakini hakukasirika. Aliinamisha kichwa, akaanza kusugua kona ya meza kwa kidole gumba.

"Vile vilikuwa vya watu wote," alisema mwishowe. "Mtu hawezi kuandika peke yake juu ya kitu cha wote. Hii ni yangu." Kidole kikasimama. Akasugua tena. "Au si yangu? Maana kitu chako hakibadilishwi na mtu asiyekujua, ukiwa umekaa kliniki. Kama si yangu, basi niliazimwa. Sasa nani kaniazima, na anaitaka lini?"

Mimi fundi, ninayefungua vifaa vya watu kutwa nzima, sikujua kumjibu mwenye kifaa kama ni chake.

Ilikuwa imebaki njia moja, na nilimweleza bila kuficha. Ningeweza kufungua mgongo wa mashine na kuunganisha nyaya kwenye bodi, nipite chini ya mfumo. Ikikubali, tungerudi tulipokuwa. Ikikataa, mashine ingekufa kabisa. Wakati huo, kwa zile herufi ndogo, bado aliweza kusoma neno moja moja kwa lensi, mchana jua likiwa kali, mpaka macho yachoke. Halikuwa jambo la kujivunia, lakini lilikuwepo.

"Msimu wa maharage umefika, naenda Kikwe kwa wifi yangu," alisema. "Nikae nifikiri. Mashine nakuachia uichunguze, lakini usiifungue mgongo mpaka nirudi."

"Sawa, mama."

Alibeba daftari la sita na la saba, akaondoka.

Niliifungua siku ya nne. Nimejieleza kwa namna nyingi tangu siku hiyo. Kwamba nilitaka arudi akute herufi zake. Kwamba mtu mmoja mtandaoni aliandika amefaulu, nikaogopa kwamba sasisho jingine lingetangulia. Kwamba alikuwa mzee, na mzee anaweza kufikiri mpaka nafasi ipite. Yote ni kweli. Na kweli nyingine ni kwamba nilitaka kushinda. Barua ile ya adabu ilikuwa imenikera rohoni, na nilipoishika bisibisi sikuwa namfikiria Mkutubi hata kidogo.

Nyaya ziligusana. Kioo kikafifia, ikabaki mistari mitatu ya kijivu. Nilijaribu kila ninachokijua, mchana ule na wa kesho yake. Mistari haikutoka.

Nilikaa siku nane kabla ya kwenda Kikwe. Siku nane nilikuwa nafungua kibanda, natengeneza simu za watu, narudisha chenji, huku najiuliza jambo ambalo mpaka leo sijalipatia ufumbuzi: wale walibadilisha mashine yake bila yeye kuelewa, kwa kusema ni kwa usalama wake, mimi nimeibadilisha bila yeye kukubali, kwa kusema ni kwa faida yake. Niliwachukia kwa moyo wote. Sasa nilisimama wapi?

Nilifika kabla ya saa nne asubuhi. Wifi yake, mama mnene mchangamfu aliyekuwa na matope ya shamba miguuni, alinipokea kwa kikombe cha loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kabla hata sijaketi.

"Yuko nyuma," alisema. "Yuko na ukuta wake."

Sikuelewa mpaka nilipozunguka nyumba. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepakwa rangi nyeusi, kutoka usawa wa magoti hadi juu ya kichwa, urefu wa hatua sita hivi. Juu yake kulikuwa na maneno ya chaki, meupe, kila herufi ukubwa wa kiganja. Mkutubi alikuwa amesimama karibu kabisa, pua karibu iguse ukuta, anasogea pembeni hatua kwa hatua. Alikuwa anasoma kwa kutembea. Alipofika mwisho wa mstari, alirudi mwanzo kwa kupapasa, akaanza wa pili.

Nilisubiri amalize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na mashine?"

"Nimekuja nayo. Imekufa." Niliitoa kwenye mfuko. "Niliifungua. Ulinikataza, nikaifungua."

Aligeuka taratibu kuelekea sauti yangu. Alinyoosha mikono, nikampa. Aliipapasa kioo, kingo, mgongo, pale skrubu zilipokwaruzwa.

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Na wao hawakuniuliza. Lile lao halikuwa swali." Aliirudisha mikononi mwangu. "Kwa hiyo sijui niwaweke wapi, wewe na wao. Nimekaa hapa siku zote hizi nafikiria nikujibu nini, nilikuwa nataka kukuambia ifungue. Ungengoja wiki moja, mwanangu, tungeiua pamoja."

Hapo ndipo nililia. Yeye hakunibembeleza, na hakunifukuza.

"Lakini ubao huu ni mzuri," nilisema, nikipangusa uso, nikitafuta cha kushika. "Umepata njia nyingine."

"Usijidanganye. Mashine ilikuwa inanipa daftari zima kwa mwezi. Huu unanipa sentensi nne kwa siku, wifi akiwa na nafasi, na wifi hana nafasi. Macho yangu hayana miaka ya kwenda mwendo huu." Alijifuta chaki kidoleni. "Wao hawajui hata kama nipo. Wewe umepanda gari ukaja kunieleza usoni. Tofauti ninaiona. Kama inatosha, hilo sijui. Nikijua nitakwambia."

Wifi alipita na ndoo, anakwenda kukamua. Mkutubi alinionyesha kwa kidevu daftari la sita, lililolala juu ya tofali, na pembeni yake kipande cha chaki, kitambaa na kopo la maji.

"Basi andika. Herufi zisimame wima. Usiruke neno."

Nilitafuta mahali wifi alipoishia. Yalikuwa maneno ya fundi cherehani mmoja aliyerudisha hadithi fulani, na niliyaandika ukutani: "Mwandishi amemuua mtu ambaye mimi nilikuwa bado namhitaji."

Mkutubi alisogea karibu, akaanza kutembea na sentensi. Alifika mwisho, akarudi, akaipitia tena tangu mwanzo. Mgongo wake ulikuwa kwangu, sikuuona uso. Nilingoja aseme neno juu ya fundi yule, au juu yangu.

"Futa," alisema. "Andika inayofuata."

Nilichovya kitambaa ndani ya maji. Nilikuwa bado sijui kama nimesamehewa au nimepewa kazi tu. Nikafuta.